Bure ya Aina Mbili: Kiswahili katika Sikukuu za Makumbusho ya Wamarekani Weusi

Neno bure lina maana mbili. Mtu husema amepewa kitu bure, yaani hakukilipia. Husema pia amejisumbua bure, yaani hakupata kitu. Maana hizi zafaa kuwa kipimo cha siku ambazo majumba ya makumbusho ya Marekani yanayohifadhi sanaa ya Waafrika wa ughaibuni huifungulia jamii milango bila kiingilio. Baadhi ya siku hizo huangukia msimu wa Kwanzaa, baina ya tarehe 26 Desemba na 1 Januari. Nyingine huadhimisha kumbukumbu ya Martin Luther King katika mwezi wa Januari. Mhakiki wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuzichunguza sikukuu za Kwanzaa, kwani humo hukuta maneno ya lugha yake: umoja, ujima, nia, kuumba, imani. Swali ni iwapo maneno hayo husemwa au huonyeshwa tu.

Kwa desturi, jumba la makumbusho hukitenga kitu na matumizi yake. Kinyago kilichofungiwa katika kabati la kioo hakichezwi tena, na kibandiko kilicho chini yake hakimsubiri mtu ajibu. Siku ya jamii huuvunja utengano huo kwa muda: fanani husimama mbele ya hadhira, nayo hadhira huitika. Ikumbukwe kwamba baadhi ya makumbusho haya yalianza hivyo. Makumbusho ya DuSable yalizaliwa mwaka 1961 nyumbani kwa Margaret Burroughs mjini Chicago, nayo ya Anacostia, mjini Washington, yalifunguliwa mwaka 1967 katika jengo lililokuwa sinema. Kwa makumbusho ya namna hii, kuialika jamii si hisani bali ni kurudi kwenye asili.

Wajuzi wa Kiswahili wamezoea kuyacheka matumizi ya lugha yao katika sikukuu hizi. Husema kwamba irabu ya mwisho ya Kwanzaa imerudufishwa pasipo sababu ya kisarufi, na kwamba anayeulizwa "Habari gani?" hawezi kujibu "Umoja!" Lawama hii inapima utendaji kwa kipimo cha mazungumzo ya njiani. Mtambaji asemapo "Paukwa!" na wasikilizaji wakaitika "Pakawa!", hakuna anayedai maana ya kikamusi, fomula hiyo huwakusanya watu na kuwaingiza katika hadithi. "Habari gani?" ya Kwanzaa ina dhima iyo hiyo. Ni mwito, na kila siku kati ya zile saba ina kiitikio chake.

Neno lenye uzito zaidi ni kujichagulia. Kimuundo lina kiambishi -ji- cha kujirejea pamoja na kauli ya kutendea: mtu anachagua, na anachagua kwa manufaa yake mwenyewe. Afrika Mashariki ni neno la sokoni. Mnunuzi huachwa ajichagulie maembe. Katika Kwanzaa limepandishwa hadhi likawa kanuni ya watu kujiamulia jina na mustakabali wao. Wengi wa mababu wa Wamarekani Weusi walitekwa katika Afrika ya Magharibi na ya Kati, hivyo Kiswahili hawakukirithi. Maulana Karenga alipoiasisi Kwanzaa mwaka 1966 huko California, mwaka mmoja baada ya machafuko ya Watts, alikichagua Kiswahili kwa kuwa si lugha ya kabila moja. Neno hili basi linataja kitendo kile kile kilicholifikisha huko.

Hata hivyo, anayejichagulia embe huligeuza pande zote. Kiswahili kilikuwa pia lugha ya misafara iliyowafikisha mateka pwani, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873. Jumba lolote litakaloonyesha minyororo ya Atlantiki katika chumba kimoja na kukiadhimisha Kiswahili katika chumba cha pili, pasipo kuvihusisha, litamnyima mgeni nusu ya habari. Historia hiyo haiubatilishi uchaguzi wa 1966, lakini anayeusherehekea anastahili kuijua.

Kwa hiyo thamani ya siku hizi haimo katika kusamehewa kiingilio pekee, kwani kesho yake kiingilio kwingi hurejea. Imo katika kumpa mgeni nafasi ya kulitamka neno, kuitikiwa, na kuelezwa lilikotoka. Pale ambapo kujichagulia linabaki maandishi ya fulana na ya ukutani, sikukuu ni bure kwa maana ya pili. Wahakiki wa Kiswahili nao wana deni: matini za sikukuu hizi, pamoja na miito na viitikio vyake, zinastahili kukusanywa na kuchambuliwa kama tawi la fasihi simulizi ya Kiswahili lililoota ng'ambo ya bahari, badala ya kusahihishwa kama insha ya mwanafunzi.