Kikapu 'chao' ni kipi? Refa na utata wa umilikishi

Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye wikendi huwa refa wa mpira wa vikapu, alinijia na swali: "Prof, kikapu cha timu ni kipi? Kile inacholinda au kile inachoshambulia?" Nilidhani ni mzaha. Kumbe ni swali la semantiki hasa!

Katika sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, kikapu cha timu ni kile inacholinda. Katika sheria za NBA ya Marekani, ni kile ambacho wachezaji wake hujaribu kufunga. Mchezo ni ule ule, maana zinapingana.

Tatizo ni umilikishi wenyewe. Kihusishi cha -a unganifu hutuambia kwamba vitu viwili vinahusiana, hakisemi vinahusianaje. 'Picha ya Otieno' yaweza kuwa aliyoipiga, anayoimiliki au inayomwonyesha yeye.

Je, refa ana cha kupoteza? Sana. FIBA husema mchezaji akifunga kikapu cha timu yake kwa bahati mbaya, wapinzani hupata pointi 2, zikaandikiwa nahodha wao aliye uwanjani. Akifunga makusudi, ni kosa na pointi hazihesabiwi. Sasa hebu mfikirie refa anayeisoma kanuni hiyo kwa maana ya NBA: atafuta kila kikapu halali!

Watangazaji wetu nao huongeza utata kwa kusema 'amejifunga', neno la kandanda. Kiambishi -ji- huonyesha tu kwamba mtenda ndiye mtendwa. Hakisemi kama alikusudia. Aliye 'jikata' huenda aliteleza na kisu, huenda alitaka. Katika kandanda, kwa kawaida hilo halibadilishi matokeo. Katika vikapu, ndilo linaloamua kama pointi zipo au hazipo.

Basi tunaotafsiri na kutangaza tuache 'kikapu chao'. Tuseme 'kikapu wanacholinda' na 'kikapu wanachoshambulia'. Tuseme 'amejifunga kwa bahati mbaya' au 'amejifunga makusudi'. Ati ni maneno mengi? Naam, lakini kirejeshi huja na kitenzi chake, na kitenzi ndicho kinachotaja nani anafanya nini. Refa akishapuliza kipenga, hana nafasi ya kumwuliza mwandishi wa sheria alimaanisha nini.