Barua Haipotei: Jinsi ya Kuutambua Mtambo Mzuri wa Barua Pepe za Terminali

Mtu akiniletea kompyuta yake nimkagulie mtambo wake wa barua pepe, simuulizi kama unafanya kazi. Unafanya kazi, ndiyo maana anajivunia. Namuuliza: barua ya tatu iliyoingia jana asubuhi ilipita wapi mpaka ikafika hapa? Akifungua faili la kumbukumbu akanionyesha mstari wake, najua niko mbele ya kazi ya fundi. Akianza kupekua folda moja moja, najua tutakesha.

Nazungumzia mitambo ya maandishi matupu, ile inayokaa ndani ya dirisha jeusi la terminali na kuendeshwa kwa kibodi peke yake. Mbele kuna Mutt, aliyoianzisha Michael Elkins mwaka 1995, au mdogo wake NeoMutt. Nyuma kuna fetchmail inayovuta barua kutoka kwenye seva, procmail inayozichambua na kuzigawa, na msmtp inayozipeleka nje. Programu nne, kila moja na faili lake la mipangilio, zinapokezana barua mkono kwa mkono. Uzuri wa mtambo huu uko katika kupokezana huko, na kasoro zake nyingi huzaliwa papo hapo: mkono mmoja umeachia kabla wa pili haujashika.

Rangi na mapambo ya skrini nayapita haraka. Hayo ni ladha ya mwenye nyumba. Ninaanzia kwenye faili la kanuni za procmail, na jicho linakwenda kwenye alama ndogo ndogo ambazo mtu asiyezoea hazioni. Kila kanuni huanza na `:0`. Kama kanuni inatupa barua kwenye faili moja refu la mtindo wa mbox, lazima pawe na nukta pacha ya pili, yaani `:0:`. Hiyo ya pili ni kufuli. Bila kufuli, barua mbili zikifika sekunde moja zinaweza kuandikana juu kwa juu, ukaja kusoma kichwa cha barua ya benki juu ya mwili wa barua ya shangazi. Kama kanuni inapeleka kwenye folda ya Maildir, ambamo kila barua ina faili lake, kufuli haihitajiki, lakini jina la folda lazima liishie na mkwaju (`/`). Mkwaju ukisahauliwa, procmail haitapiga kelele. Itaiweka barua ndani ya saraka ileile katika faili linaloanza na `msg.`, mahali ambapo Mutt haina sababu ya kuangalia. Mwenye mtambo ataapa kwamba hajaiona barua, na aliyeituma ataapa kwamba aliituma, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Alama nyingine ni herufi `w`. Barua inapopitishwa kwenye kichujio cha nje, tuseme SpamAssassin, kanuni hubeba herufi `f`. Fundi makini huweka `w` kando yake, `:0fw`, ili procmail isubiri kichujio kimalize na iangalie kama kimefaulu. Kikianguka, barua inaendelea na safari kama ilivyokuwa kabla ya kuchujwa. Herufi hiyo moja hunieleza mengi kuhusu aliyeandika faili: alifikiria siku ambayo mambo yatakwenda mrama.

Nilijifunza thamani ya fikra hiyo kwa hasara. Zamani nilinakili orodha ya maneno machafu ya Kiingereza ili nitupe barua taka, nikaielekeza `/dev/null`, shimo lisilo na chini. Procmail haitofautishi herufi kubwa na ndogo usipoiambia, na hutafuta kipande cha neno popote kilipo. Katika orodha ile kulikuwa na neno la herufi tatu, a, s, s. Sasa tamka majina ya watu wa Pwani: Hassan, Kassim, Nassor. Kwa muda mrefu hakuna hata mmoja wao aliyenifikia, na kwa kuwa barua iliyotupwa haitoi sauti, nilidhani wamenisahau. Hassan mmoja alikuwa ameniandikia kunijulisha msiba wa baba yake. Sikwenda maziko wala sikutuma pole. Tangu siku ile, nikiona `/dev/null` katika faili la mtu yeyote, namwomba aifute tuwe tunazungumza.

Kwa hiyo kipimo changu kikubwa ni hiki: mtambo ukishindwa, barua inaangukia wapi? Katika mtambo mzuri kanuni ya kwanza kabisa, kabla ya nyingine zote, ni `:0 c` inayoweka nakala ya kila barua kwenye folda ya akiba, na chini yake kanuni ya kufagia akiba isijae. Taka haitupwi, inawekwa kwenye folda yake na kutazamwa mara moja kwa wiki. Barua za vikundi hutenganishwa kwa kichwa cha List-Id, kilichowekwa kwa kazi hiyo, badala ya kubahatisha maneno ya kichwa cha habari ambayo yeyote anaweza kuyaandika. Na `LOGFILE` imewashwa, ili kila barua iache mstari wa mtumaji, wa kichwa cha habari na wa folda ilikowekwa. Kasoro ikitokea, unaongeza `VERBOSE=yes` na kusoma jinsi kila kanuni ilivyolingana au ilivyokosa. Asiyewasha kumbukumbu anatafuta sindano gizani.

Lazima niseme pia kwamba procmail imezeeka. Toleo 3.22 lilitoka 2001, na programu ikakaa miaka ishirini na zaidi kabla ya toleo jipya. Mtambo wa zamani uliotunzwa naupa heshima yake, lakini anayeanza leo namshauri aandike kanuni zake kwa Sieve, lugha iliyowekewa kiwango mwaka 2001 na kusahihishwa 2008, inayofanya kazi kwenye seva yenyewe. Sieve imejengwa juu ya hofu ileile niliyo nayo mimi: kanuni ikikosea njiani, barua inabaki kwenye kikasha kikuu. Ili ipotee, lazima mtu mwenyewe aandike kwa mkono wake kwamba itupwe.

Kwa upande wa fetchmail natazama neno moja, `keep`. Bila neno hilo, barua ikishakabidhiwa nyumbani inafutwa kwenye seva. Fundi mzuri huliacha neno hilo kwa siku zote za majaribio, na huliondoa pale tu hesabu za pande mbili zinapolingana. Natazama pia ruhusa za faili la mipangilio, kwa kuwa lina nywila. Fetchmail na msmtp zenyewe hukataa kazi zikikuta wengine wanaweza kulisoma. Na kama mtambo uliokuwa mzima ulianza ghafla kukataliwa mlangoni, usiharibu kanuni zako. Google ilifunga nywila za kawaida kwa akaunti za watu binafsi kuanzia Mei 30, 2022, na Microsoft ikaanza kuzizima kwenye Exchange Online Oktoba mwaka huohuo. Dawa ni OAuth2, au kwa Google nywila maalumu ya programu yenye herufi 16.

Ndani ya Mutt, ubora hujificha katika mpangilio wa mistari. `folder` lazima itangulie `mailboxes`, la sivyo majina yaliyofupishwa yanaelekea pasipo na kitu. Kubwa zaidi ni zile kulabu zinazobadilisha mipangilio unapoingia folda fulani. Kulabu ikishabadilisha jambo, halirudi lilivyokuwa unapotoka. Mtu ameingia folda ya kazini, anwani yake ikageuka kuwa ya ofisi, akatoka, akamwandikia mama mkwe habari za nyumbani, na barua ikaenda kwa jina la ofisi. Faili la fundi lina kulabu ya jumla, ile yenye nukta peke yake, juu ya nyingine zote, inayorudisha kila kitu mahali pake kwanza. Nikiikuta hiyo, mengine nayaamini nusu kabla ya kuyasoma.

Kuna jaribio moja ninalolipenda mno, nalo ni letu sisi tuandikao Kiswahili. Lugha yetu haina herufi zenye vialama juu, hivyo mtambo mbovu wa herufi unaweza kuishi miaka bila kugundulika. Anayeuumbua ni ng'ombe. Simu na programu za ofisi hukibadilisha kile kikato kuwa alama iliyopinda, na hapo siri inatoka. Ukiona ng?ombe, kosa liko nyumbani kwako: terminali haijui UTF-8, weka LANG iwe sw_TZ.UTF-8 au sw_KE.UTF-8, na hakikisha mfumo wako umeandaliwa kwa hiyo. Ukiona ng\222ombe, mtumaji ametumia herufi za Windows akazibandika lebo ya iso-8859-1. Mstari mmoja wa `charset-hook` unamaliza. Ukiona ngâ€™ombe, basi lebo ya barua inadanganya au iliharibika kabla haijakufikia. Bonyeza Ctrl-E urekebishe lebo. Isiponyooka, mwambie mtumaji. Anayetibu yote matatu kwa kulazimisha `charset` ndani ya muttrc, faili la mipangilio la Mutt, ananyamazisha dalili na kuacha ugonjwa, kwani Mutt inatakiwa kuisoma hiyo kutoka kwenye mfumo wenyewe.

Usisahau nakala ya nje. Majina ya mafaili ya Maildir yana nukta pacha ndani yake, alama ambayo flashi nyingi za dukani, zilizoandaliwa kwa FAT, hazikubali. Nimeona watu wakinakili folda nzima na kudhani wamehifadhi, kumbe kila barua iliyokwisha kusomwa imebaki nyuma. Zifunge kwanza kwa tar, kisha nakili hilo furushi moja.

Baada ya kukagua mafaili, namwomba mwenye mtambo ajitumie barua kumi, zenye namba kwenye kichwa cha habari: moja yenye ng'ombe, moja yenye kiambatisho kizito, moja yenye jina la Nassor mahali pa mtumaji. Katikati ya kuzivuta nachomoa waya wa mtandao. Nasubiri dakika tano, naurudisha, halafu tunahesabu pamoja, moja hadi kumi, kidole kwenye skrini.