Masteringi Sita, Sauti Moja

Kwenye mabanda ya video ya Morogoro, iwe Mwembesongo au Kihonda, kuna kanuni ambayo kila mtoto anaijua kabla hajajua kusoma: steringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, atafungwa kamba na kumwagiwa petroli, lakini aliyelipa kiingilio ametulia kwenye benchi lake kwa sababu mwisho anaujua. Picha za Rambo na za Van Damme zilikaa vizuri ndani ya kanuni hiyo, na fani nzima ya kutafsiri filamu kwa Kiswahili ilikulia humo. Mtafsiri alikuwa na mtu mmoja wa kumshangilia na mmoja wa kumzomea.

Aprili 2019 ikaja Avengers: Endgame, yenye masteringi sita wa mwanzo na kundi zima nyuma yao. Anthony na Joe Russo waliiongoza ikiwa filamu ya 22 katika mfululizo ulioanza na Iron Man mwaka 2008. Kufikia Julai ilikuwa imeipita Avatar kwa mapato duniani, ikikaribia dola bilioni 2.8, na ilishika nafasi hiyo hadi Avatar iliporudishwa sinema China mwaka 2021. Waliozijaza kumbi za sinema wengi walikuwa wamefuatilia mfululizo kwa miaka 11. Aliyekaa bandani Kihonda huenda aliona tatu au nne kati ya zile 21 zilizotangulia, tena bila mpangilio. Swali langu ni la kiufundi: mtu mmoja mwenye maiki anawezaje kumvusha huyu?

Tukumbushane kwanza kazi yenyewe. Mtafsiri wa picha hachukui nafasi ya mwigizaji mmoja mmoja kama wanaofanya tamthilia za Kituruki. Ni sauti moja inayosema ya watu wote, inaeleza kinachotokea, inatania, inaonya. Tanzania njia hiyo ilifunguliwa na Derek Gaspar Mukandala, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Lufufu, enzi za kanda za VHS. Akafuata DJ Mark na wengine. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo na wenzake wanaotafsiri kwa Kiganda. (Morogoro haikushangaa kuona cha kigeni kikigeuzwa Kiswahili. Huu ndio mji wa mwanamuziki Salum Abdallah, aliyeisikia santuri ya Kuba akaunda Cuban Marimba na kuimba Kiswahili.)

Tatizo la kwanza ni sauti. Studio kubwa inapotaka filamu itafsiriwe hutoa mkanda wa sauti usio na maneno, wenye muziki na vishindo peke yake. Mtafsiri wetu hana kitu hicho. Anachopata ni faili ambalo maongezi, muziki wa Alan Silvestri na milipuko vimeshachanganywa pamoja. Akiteremsha Kiingereza, ameteremsha na muziki. Mzuri hucheza na kidhibiti sauti: anashusha anaposema, anapandisha anaponyamaza. Mvivu huiacha chini mwanzo hadi mwisho, na vita vya dunia nzima vinasikika kama redio ya jirani.

Tatizo la pili ni picha. Faili linalouzwa kwenye flashi limebanwa ili yaingie mengi, na pambano la mwisho la Endgame limepigwa katika vumbi na rangi ya kijivu. Kwenye televisheni ya bandani hayo hugeuka madoa meusi yanayokimbizana. Ukipanda Mgeta au Matombo hali ni ngumu zaidi: flashi ileile imepakiwa kwenye gari lililoshusha kabichi Morogoro mjini, ikifika inachezwa kwenye skrini ndogo ya umeme wa jua, au kwenye simu wakiwa wanne. Hapo mtafsiri hatafsiri tena. Anakuwa macho ya watu. "Huyo ni Thor, huyo mwenye nyundo," na kijana wa Nyandira anajua amtazame nani.

Tatizo la tatu ndilo kubwa: nani steringi? Waandishi wa filamu, Christopher Markus na Stephen McFeely, waligawa uzito kwa makusudi. Mtafsiri hana anasa hiyo, kwa sababu sauti moja ikimshangilia kila mtu, mtazamaji hajui asimame na nani. Lazima achague. Akimchagua Thor anapata vicheko vingi, maana yule jamaa karudi na kitambi na chupa ya bia, lakini hadithi inakimbilia kwingine. Akimchagua Captain America, kanuni ya bandani inasimama: jamaa anafika mwisho hai, japo mzee. Ila atakuwa ametupa kiini cha filamu. Tony Stark ndiye tunayemkuta mwanzoni akielea angani bila chakula, ndiye anayepata hesabu ya kurudi nyuma katika wakati, ndiye anayemaliza vita. Kwa maoni yangu chaguo sahihi ni Stark, na chaguo hilo lina gharama yake, nitaifikia.

Kuna sehemu moja inayoonyesha fani hii ikifanya kazi kweli. Captain amebaki peke yake mbele ya jeshi la adui, Thanos, ngao imevunjika, anakaza mkanda mkononi. Redioni inaingia sauti ya rafiki yake Sam ikimwambia kwamba yuko kushoto kwake. Watazamaji wa Marekani walipiga kelele hapo, kwa sababu maneno hayo yanarudi kwenye filamu ya 2014, ambamo Captain alikuwa akimpita Sam mbioni asubuhi pale Washington na kumwambia hivyohivyo kila mzunguko. Ukilitafsiri neno kwa neno bandani, watu watageuka kushoto waone kuna nini. Mtafsiri ana sekunde chache tu kabla duara la kwanza la moto halijafunguka, na filamu ya 2014 haiwezi kuingia humo. Kinachofaa ni kuuacha utani ufe na kuliokoa tukio: Sam huyo, si alipotea? Wamerudi! Wote wamerudi! Kisha anyamaze, muziki upande.

Wa kwanza kutoka ni T'Challa, Okoye na Shuri, na hapo mtafsiri hahitaji kueleza chochote. Black Panther ilishafanya kazi hiyo mwaka mmoja kabla. Februari 2018 ilizinduliwa Kisumu, kwao mwigizaji Lupita Nyong'o, na jina Wakanda likaenea hadi kwenye migongo ya bodaboda. Bandani shangwe ya sehemu hiyo humezwa na jina hilo moja.

Mwenye banda ana malalamiko yake, na ninamwelewa. Dakika 181 ni picha mbili za ngumi na viingilio viwili. Siku Simba au Yanga inacheza, picha inakatizwa hata kama dunia iko ukingoni. Baadhi ya watafsiri huigawa filamu sehemu mbili. Si dhambi, ilimradi mkato uwe mahali penye maana. Kuhusu haki miliki sina utetezi: Disney haikumpa mtu kibali, na Aprili 2017 waigizaji wetu waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela. Lakini kuiita kazi ya mtafsiri wizi mtupu ni kutoisikiliza.

Sasa ile gharama. Stark anafinya vidole, Thanos na jeshi lake wanageuka vumbi, na steringi anaketi chini akifa. Kanuni imevunjwa. Mtafsiri mwoga hujaza kila sekunde: kachoka tu, atapona, subirini. Mwingine huanza mahubiri ya ushujaa. Wote wawili wanakosea, kwa sababu waongozaji hapo wamepunguza sauti karibu zote wenyewe. Kinachobaki ni pumzi, Peter Parker analia, mkewe Pepper anaongea taratibu. Asiyejua Kiingereza haoni shida hapo, maana hakuna kigumu kilichosemwa.

Mazishi kando ya ziwa ni kinyume chake. Karibu hakuna maongezi, kamera inapita tu kwenye nyuso, na hapo ndipo sauti ya mtafsiri inatakiwa kuliko mahali pengine pote. Nyuma kuna kijana mrefu amesimama peke yake, na hata huko Marekani wengi walitoka sinema wakiulizana ni nani. Ni Harley, yule mtoto aliyemsaidia Stark katika Iron Man 3 ya 2013. Mtafsiri anayenyamaza Stark akifa, halafu akamtaja Harley kwa jina, huyo mlipeni kiingilio chake bila kulalamika.