Wasomaji wa Anga la Ufipa

Machi 2015, Deutsche Welle ilizima mtambo wake wa masafa mafupi wa Kigali. Mitambo ya namna hiyo ikinyamaza, hufifia pia elimu ya wasikilizaji wa vijiji kama Mwimbi, kwenye nyanda za juu za Ufipa.

Mwenye redio ya betri alijua kwamba stesheni iliyosikika vizuri alasiri ingeanza kukwaruza jua likizama, naye akazungusha kitufe taratibu kuitafuta kwenye masafa ya chini zaidi. Hakulijua jina la ionosfia, anga la juu lenye chembe za umeme, ila mienendo yake aliisoma kwa sikio. Tabaka la chini, linalomeza mawimbi mchana, hutoweka giza likiingia. Matabaka ya juu huyarudisha mawimbi ardhini, mbali sana na yalikotoka. Nao mafundi wa mitambo walipanga masafa kwa saa, kwa majira na kwa mzunguko wa jua wa miaka 11.

Nyuma yao walikuwapo watu wa penseli. Walipokea picha za mwangwi wa redio, wakafuatisha mstari wa kila tabaka kwa mkono, wakitenga mwangwi wa kweli na kelele. Vipimo vyao ndivyo vilivyoilea IRI, modeli ya kimataifa ya ionosfia iliyoasisiwa miaka ya 1960.

Huku kwetu kazi ni ngumu zaidi. Juu ya ikweta ya sumaku, inayopita Ethiopia, umeme wa mchana huinua elektroni, kisha hizo huteremka na kurundikana digrii zipatazo 15 kila upande. Edward Appleton alilieleza jambo hilo mwaka 1946. Ufipa iko karibu na rundo la kusini. Baada ya machweo huzuka mapovu yenye elektroni chache yanayoyumbisha mawimbi ya setilaiti. Mwaka 1967 Waitalia walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, kulipima anga la ikweta.

Leo simu, kwa mawimbi hayo ya setilaiti, huonyesha shamba la mahindi lilipo, na hakuna anayeuliza ni nani aliyesahihisha vipimo. Hesabu ya Klobuchar inayotumwa na setilaiti za GPS, yenye namba 8 tu, huondoa takriban nusu ya kosa linaloletwa na ionosfia. Nusu iliyobaki inadai vipimo vya hapa, na vituo vya Afrika ni vichache mno. Pasipo kituo, modeli hukisia.

Malungu ya Ufipa, tanuri ndefu zilizoyeyusha chuma bila mivukuto, yamebaki magofu, na mafundi wake hawakuacha warithi. Elimu ya anga isifuate njia hiyo. Vyuo vikuu vyetu vitunze vipokezi vilivyopo, na kila kituo kipewe kijana wa kukaa na mzoefu hadi ajue kuusoma mwangwi mwenyewe.