Jedwali la 19 kwa 18

Usiku wa tarehe 22 Novemba 1950, ndani ya ukumbi wa Minneapolis Auditorium, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers pointi 19 kwa 18. Hadi leo hakuna mchezo wa NBA uliomalizika kwa pointi chache kuliko huo. Wapenzi wa mpira wa kikapu hukisimulia kisa chake kama kioja, kisha wanapita. Nawaomba tusipite. Yapo maandishi yaliyobaki ya usiku ule, nayo ni jedwali la takwimu za wachezaji, na kwa maoni yangu yanastahili kusomwa kwa makini yaleyale tunayoyapa mashairi.

Umbo la jedwali lenyewe lilitoka kwenye besiboli, ambako Henry Chadwick, mwandishi wa habari wa New York aliyezaliwa Uingereza, alilijenga katikati ya karne ya 19. Kanuni zake ni kali. Katika mpira wa kikapu kila mchezaji ana mstari mmoja: jina, vikapu, mitupo huru, faulo, jumla ya pointi. Sifa hazina mahali, lawama hazina mahali, na kitenzi hakimo kabisa. Nyota na wa akiba wanapewa upana uleule wa karatasi, na aliyetoka bila pointi anaandikiwa sifuri yake mbele ya macho ya wote. Naliheshimu umbo hili kwa sababu hiyo. Linamlazimisha msomaji afanye kazi ya kuhukumu mwenyewe.

Tuanze na mstari wa George Mikan, mchezaji wa kati wa Lakers. Vikapu 4, mitupo huru 7, pointi 15. Ukishuka kwa wenzake unakuta Bob Harrison ana 2, Jim Pollard ana 1, na baada ya hapo ni sifuri tupu. Kati ya pointi 18 za timu nzima, mtu mmoja amefunga 15, na vikapu vyote vinne vya Lakers ni vyake. Hakuna mwandishi ambaye angethubutu kubuni mhusika mkuu aliyewafunika wenzake namna hii. Upande wa Pistons sura inageuka: aliyeongoza, John Oldham, ana pointi 5 tu, na kidogo kilichopatikana kimegawanywa kwa wengi. Ukikunja karatasi na kuficha jumla, utaapa kwamba timu ya Mikan ndiyo iliyoshinda.

Lakini utamu wa jedwali hili uko chini, kwenye mstari wa jumla, na nashangaa ni wasimulizi wachache kiasi gani wanaoutazama. Pistons wana vikapu 4. Lakers wana vikapu 4. Kwa kucheza kwenyewe, timu hizi zilitoka sare. Kilichozitenganisha ni mtupo huru mmoja: 11 kwa 10. Masimulizi humpa ushindi Larry Foust, aliyefunga kikapu cha mwisho zikiwa zimebaki sekunde chache, na ni kweli kikapu kile kilibadilisha matokeo. Jedwali, hata hivyo, halijui cha mwisho wala cha kwanza. Ndani yake kikapu cha Foust kina thamani ileile na kikapu kilichofungwa robo ya kwanza, na mtupo huru uliopotea mapema, ambao hakuna aliyeuomboleza, unarudi na uzito wake wote. Hapo ninaliamini jedwali kuliko msimulizi.

Kuna pahali, hata hivyo, linashindwa. Mbinu ya kocha Murray Mendenhall wa Pistons ilikuwa kuushika mpira na kutousogeza. Wachezaji wake walisimama nao, dakika baada ya dakika, ili Mikan asiupate. Kanuni za wakati ule hazikuwazuia. Hiyo ndiyo kazi kubwa iliyofanyika usiku ule, na haina safu. Jedwali huhesabu kitendo kilichokamilika, kusubiri hakuhesabiki. Hata dakika za mchezaji uwanjani NBA haikuzirekodi hadi msimu wa 1951–52. Kwa hiyo mchezo ambao silaha yake ilikuwa muda umeandikwa kwa umbo lisilo na muda ndani yake.

Alama za kusubiri kule unazipata kwa njia ya mzunguko tu. Lakers walitupa mara 18 kutafuta kikapu, Pistons mara 13. Jumla ni mitupo 31 katika dakika 48, yaani wastani wa sekunde 93 hivi kwa kila mtupo. Halafu upo mstari mdogo wa robo, ambao magazeti huuweka pembeni kama nyongeza: 8–7, 3–6, 5–4, 3–1. Usome polepole. Robo ya mwisho nzima, dakika 12, timu mbili za kulipwa zilipata pointi 4 kwa pamoja. Mstari huo mmoja una mapigo ya moyo ambayo safu zote za juu zimeyakosa, na mhariri angekuwa na haki ya kuuweka juu kabisa.

Dawa ya mbinu hiyo ya kuushika mpira ilipopatikana, nayo ilitoka kwenye hesabu za jedwali. Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, alitazama michezo iliyompendeza akaona kila timu ilitupa takriban mara 60. Akachukua sekunde 2,880 za mchezo, akazigawa kwa mitupo 120, akapata 24. Msimu wa 1954–55 ligi ikaweka saa ya sekunde 24 kwa kila shambulizi, na wastani wa pointi za timu ukapanda kutoka 79.5 hadi 93.1. Saa hiyo ipo mpaka sasa, na maadamu ipo, jedwali la 19 kwa 18 halitapata mwenzake.