Tongoni: nani alilima ule mpunga?

Neno « tongo » wazee wetu wanalijua: ni mahali palipokaa watu, wakahama, pakabaki vichaka na miembe. Huko pwani, karibu na Tanga, nako kuna Tongoni yao yenye magofu ya msikiti na makaburi. Tongoni yetu ndiyo Kasongo ya kwanza, ile ya Tippu Tip na mtoto wake Sefu, iliyotekwa na askari wa Dhanis tarehe 22 Aprili 1893. Baadaye mji ukahamishwa, jina likafuata mji, na kijiji kikabaki Tongoni. Ni kijiji kidogo, lakini kimeandikwa sana. Hapa nataka kusema namna kilivyoandikwa na namna sisi wenyewe tunavyokisimulia, juu mambo hayo mawili yanafanana kuliko tunavyopenda.

Kwanza kuna kitabu cha Hinde, daktari Mwingereza aliyefuatana na jeshi la Dhanis. Kilitoka mwaka 1897. Anaisifu Kasongo mpaka unashangaa: magodoro ya hariri, sukari, sabuni, mishumaa, michungwa na mikomamanga. Kwa sisi walimu kurasa zile ni mali, maana zinaonyesha kwamba huku hapakuwa pori tupu kabla ya Bulamatari. Lakini kuna jambo moja analipitia mbio. Anasema alipita katikati ya shamba moja tu la mpunga, akiwa amepanda mnyama, kwa mwendo wa saa moja na nusu. Saa moja na nusu! Kila mtu wa Kasongo na Kabambare anajua mpunga ni kitu gani: kufyeka, kuchoma, kupanda, kufukuza ndege tangu alfajiri, kuvuna, kubeba, kutwanga. Shamba la namna ile lilitaka mikono mingi sana. Mikono ya nani? Magodoro yamesifiwa, lakini wenye mikono hawana jina kitabuni.

Kitabu cha pili kinatugusa zaidi, juu kiliandikwa kwa Kiswahili. Ni maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe, aliyoyaandika Unguja kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Brode akayatoa mwaka 1902 na 1903. Whiteley aliyatia katika Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Padri Bontinck katika Kifaransa, Brussels, mwaka 1974. Kiswahili chake ni kizuri kweli. Hapambi, anasema tulikwenda, tukafika, wakatuambia, tukawaambia. Mtu wa Maniema akisoma anasikia kama mzee anasimulia barzani. Lakini ni barza ya mfanyabiashara: pembe zina hesabu yake kwa frasila, na masultani wana majina. Walioteka maji, waliobeba mizigo na waliolima wanatajwa kwa wingi tu, kama mvua.

Isipokuwa mmoja. Msomaji atazame vizuri namna alivyopata nchi ya Utetera. Alisikia kwamba zamani Warua waliteka wanawake wa ukoo wa Sultani Kasongo Rushie. Basi akaja akasema: mmoja wao alifika mikononi mwa babu yangu, akamzaa mama yangu, kwa hiyo mimi ni mtoto wenu. Sultani akampa nchi. Wataalamu wengi wanaona ile ilikuwa hila, na mimi naona hivyo. Lakini ni hila ya mtu aliyeelewa desturi za huku: bunduki alikuwa nazo, na bado alihitaji mama wa mama yake, mwanamke mateka, ili akubaliwe.

Sasa tujitazame. Katika mikutano ya mahari na katika matanga, kila ukoo wa huku unajieleza. Huyu babu yake alikuja kutoka pwani, yule alikuwa nyampara, mwingine alikuwa karibu na Sefu. Ukisikiliza wote, utasema Tongoni walikaa mabwana peke yao na ule mpunga ulijilima. Pwani, mwungwana ni mtu asiye mtumwa. Huku neno liligeuka karibu jina la kabila: Wangwana, wenye kanzu, wenye wali, wenye Kiswahili. Kumbe wengi wa Wangwana wa kwanza wa huku walikuwa vijana waliotekwa vijijini, wakapewa jina jipya na bunduki, wakatumwa kuteka wenzao. Tippu Tip alijitungia nkambo mateka ili awe wa kwetu. Sisi tunao wa kweli, na tunawaficha ili tuwe wa kwake.

Hii si mchezo. Neno « mtoto wa mtumwa » bado linatupwa katika magomvi ya mashamba, na ndoa zinaweza kuvunjika juu yake. Linauma hivyo kwa sababu kila mtu anadhani ni la jirani peke yake.

Wenzetu wa Kabambare wana Livingstone wao, aliyelala pale mgonjwa wa vidonda vya miguu kuanzia Julai 1870 mpaka Februari 1871. Madaftari yake yalitoka mwaka 1874, yeye ameshakufa. Simsifu kwa kila kitu, lakini kwake unaona wanawake wa soko la Nyangwe, na vikapu, na samaki, na bei wanazoshindania, kabla ya risasi za tarehe 15 Julai 1871. Hapo kuna watu.

Siku hizi wachimbaji wa mambo ya kale, Wakongomani na Wabeleji pamoja, wamefanya kazi Tongoni na kuuliza wazee. Makala yao ilitoka mwaka 2020 katika gazeti la Antiquity. Ni vizuri, lakini yaliyo midomoni mwa watu wetu chama chetu kinaweza kukusanya chenyewe. Kwa kitabu kinachofuata ningependa tuache kidogo orodha za mabwana. Tuulize majina ya mashamba ya zamani na vijito, aina za mpunga na nani alileta mbegu, nyimbo za kinuni ni za lugha gani, za Wakusu, za Wazula au za Wabangubangu, na mama wa kwanza wa kila ukoo alitekwa wapi. Kazi hiyo ianze na wazee wanawake, juu barzani huwa wanasemewa, na majibu yaandikwe kama yanavyotoka kinywani.