Ile chati ya mlo kamili ina kasoro

Kama umesoma shule ya msingi hapa kwetu, unaikumbuka: safu tatu. Vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili. Tuliikariri, tukajibia mtihani, tukaisahau. Lakini kwenye kuta za kliniki bado ipo, na mimi nina ugomvi nayo.

Sio kwamba inadanganya. Inagawa vyakula kana kwamba havitakutana tumboni.

Chukua mahindi na maharage. Chati inayaweka mahindi kwenye nguvu, basi, imemaliza. Kumbe mahindi nayo yana protini, ila ina laisini kidogo, moja ya asidi amino ambazo mwili wetu hauwezi kuzitengeneza. Maharage yana laisini ya kutosha lakini yamepungukiwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Kwa hiyo kande, chakula kinacholalamikiwa bwenini kila wiki, kina protini bora kuliko mahindi peke yake au maharage peke yake. Hilo huwezi kulisoma kwenye safu tatu.

Kwenye madini ya chuma ndiyo balaa. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu anaambiwa ale maharage na mboga za majani. Anatii. Asubuhi chapati maharage, anashushia na chai ya rangi, kama sisi sote. Sasa, chuma cha kwenye mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, na tanini za kwenye chai hukinasa kikiwa bado tumboni. Kikombe kimoja pamoja na chakula kinaweza kupunguza ufyonzaji huo kwa zaidi ya nusu. Angekula chungwa badala yake, vitamini C ingeuongeza. Na chungwa lipo kwenye chati, jamani! Limekaa safu ya tatu, mbali na maharage, bila hata mshale wa kuviunganisha.

(Tufaha nalo sijui lilifikaje pale. Mapera yamekosa nini?)

Ningepewa kalamu ningechora sahani moja tu. Kande, mchicha uliokaangwa kwa mafuta kidogo, maana bila mafuta karotini ya kwenye majani, ile inayotupa vitamini A, haifyonzwi vizuri. Ndimu pembeni. Kikombe cha chai ningekichora ukingoni kabisa, kimeandikwa: baada ya saa moja.